Servo Imekula Meno: Soma Gia Iliyokufa Kabla Hujanunua Nyingine

Kila servo ya ndege ya rimoti, ile mota ndogo yenye gia inayosogeza vibao vya kuongozea, inapokufa, swali huwa lile lile: "Sasa ninunue ya gia za chuma?" Jibu langu huanza na bisibisi. Ifungue kwanza iliyokufa. Toa skrubu nne ndogo za chini, inua mfuniko wa juu taratibu, na gia zote utaziona zimepangana kwenye vijiti vyao. Namna meno yalivyoharibika itakuambia kama gia ilikuwa dhaifu kweli, au ilikuwa inaadhibiwa kwa kosa la waya wa kusukumia kibao uliofungwa vibaya, umeme usiotosha au safari ya boda.

Wengi wetu Kampala tunaanza na SG90, ile ndogo ya bluu ya gramu 9 ambayo maduka ya elektroniki huwauzia wanafunzi kwa ajili ya roboti. Gia zake ni za nailoni. Ikifa, muuzaji anakupa MG90S, umbo karibu lile lile, gia za chuma, gramu 13 na kitu, nawe unaondoka ukiamini tatizo limekwisha. Mara nyingine limekwisha. Mara nyingi limehama tu: safari ijayo haitavunjika gia, itang'oka servo nzima na kipande cha bawa.

Meno yanasema nini

Mota ya servo ni ndogo na inazunguka kwa kasi sana. Gia ya kwanza inapokea kasi hiyo ikiwa na nguvu kidogo. Kila inayofuata inapunguza kasi na kuongeza nguvu, mpaka ile ya mwisho, inayochomoza juu na kushika mkono wa servo, ambayo huenda polepole lakini imebeba mzigo wote. Ndege ikipiga pua chini, kishindo huingia kwa njia ya kinyume, kupitia mkono, na mota iliyo upande wa pili haikubali kugeuzwa ghafla. Anayeumia ni gia ya mwisho, au ile inayoisukuma.

Basi tazama. Meno mawili matatu yameng'oka mahali pamoja na mengine yote ni mazima: hicho ni kishindo. Meno yamechakaa katikati tu, pale servo inapokaa muda mwingi wa safari, huku ya pembeni yakiwa kama mapya: hayo ni matumizi na mtetemo. Meno yamelainika na kulala upande, pengine na harufu ya plastiki iliyoungua: servo ilikuwa inasukuma kitu kisichosogea mpaka ikapata moto. Grisi imegeuka kijivu au nyeusi ndani ya servo ya chuma: gia zinajisaga, na unga wake umo humo humo ukiendelea kusaga.

Nailoni inadharauliwa bila haki. Ni nyepesi, haina kelele, ikiwa mpya haichezi (haina ulegevu), na ikizidiwa inavunjika yenyewe kama fyuzi, ikaokoa mota, kava na mahali servo ilipogundishwa. Kuna pia plastiki iliyoimarishwa kwa kaboni, ambayo Hitec huiita Karbonite. Hiyo inachelewa sana kuchakaa na hukaa imebana kwa muda mrefu, ingawa kishindo kikali bado kinaishinda pale ambapo chuma kingevumilia.

"Gia za chuma" nalo ni jina la familia nzima. Shaba ya njano, ile ya kufuli na mabomba, ni laini kiasi na huanza kucheza mapema ikitetemeshwa. Alumini ni nyepesi lakini nayo huchakaa haraka. Stili ni nzito na inadumu. Titani ni ngumu na nyepesi, na bei yake unaijua kabla hujauliza. Muuzaji atakuambia "metali" basi. Nenda na sumaku ndogo: stili ya gia kwa kawaida inavutwa, ila shaba, alumini na titani hazivutwi. Na kama anakubali, fungua moja pale pale kaunta. Ukikuta gia ya kwanza, ile iliyo karibu na mota, ni ya plastiki, usishtuke, kwa sababu servo nyingi za chuma hutengenezwa hivyo makusudi. Ukikuta plastiki kwenye gia ya mwisho, hiyo si servo ya chuma hata lebo iseme nini.

Dalili: mota inalia lakini mkono hauendi, au unaruka "tak, tak"

Hapa meno yameng'oka, na kila mtu anafikiria kuanguka. Lakini uliza kwanza ndege ilifikaje uwanjani. Ndege inatoka Ntinda nzima, inafika ikiwa na eleroni moja (kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) iliyokufa, na mwenyewe anaapa kwamba haijaruka wiki nzima. Imepanda boda ikiwa mgongoni mwa abiria, au imebanwa kwenye teksi kati ya kiti na mlango, na kila shimo la barabara limesukuma eleroni dhidi ya kitu kigumu. Servo ikiwa imezimwa haiwezi kukwepa. Inageuzwa kinyumenyume kwa nguvu, na jino la nailoni linakatika bila mtu kusikia. Nimeona servo nyingi zikizikwa kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya kuanguka, na inauma, maana kinga yake ni kibanio cha nguo.

Chukua vibanio vya nguo vya mbao, gundisha vipande vya sponji kwenye midomo yake, ubane kila kibao cha kuongozea pamoja na sehemu ya bawa isiyosogea. Funga utepe mwekundu mrefu kwenye kila kibanio. Utepe si pambo: ukichomeka betri kibanio kikiwa bado kipo, servo itasukuma bila kusogea, na umejitengenezea tatizo jingine litakalokuja hapa chini.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiipime servo kwa kuuzungusha mkono wake haraka kwa vidole. Iwashe, ipeleke kwa rimoti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine polepole huku ukizuia kibao kwa kidole kimoja kwa wepesi. Jino lililokatika mahali pamoja halionekani mpaka servo ifike pale pale, ndiyo maana servo "iliyopona" hufia hewani. Chuma nacho kina hila hii: jino lililomeguka nusu linaendelea kufanya kazi na kujificha mpaka siku ya mzigo mkubwa.

Kama ni kuanguka kweli na ndege ni ya foamu chini ya kilo moja, ushauri wangu ni kurudisha nailoni kwenye eleroni. Tofauti ya gramu 4 kwa kila servo, mara nne, ni uzito ambao ndege ndogo inauhisi, na SG90 ni rahisi kuliko kujenga bawa upya. Eleveta, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, naitenga. Ukipoteza eleroni moja, iliyobaki na usukani wa mkia vinaweza kukurudisha nyumbani. Ukipoteza eleveta, ndege imekwenda. Pale weka gia bora kadiri mfuko unavyoruhusu, hata kama nyingine zote ni za bei ya chini.

Dalili: gia zinazunguka vizuri, mkono unateleza

Ukifungua na kukuta meno yote yako salama, tazama shimo la mkono. Vijino vya kichwa cha gia ya mwisho havifanani kwa watengenezaji wote: servo za saizi ya kawaida za Futaba zina 25, Hitec nyingi zina 24, JR zina 23. Mkono wa 24 unaweza kushindiliwa kwenye kichwa cha 25 ukaonekana umekaa, kisha ukajichonga wenyewe mruko wa kwanza. Kosa jingine ni mkono wa chuma juu ya kichwa cha nailoni: kigumu kinakula laini. Na angalia skrubu ya katikati. Bila hiyo, mkono unapanda kidogo kidogo mpaka unatoka.

Dalili: kibao kinacheza katikati

Shika kibao kwa vidole viwili, servo ikiwa imewashwa, ukitikise juu na chini. Kuna mchezo mdogo kila mahali. Mchezo unaoonekana kwa macho ukiwa umesimama hatua moja ni wa kushughulikiwa.

Kabla hujalaumu gia, mwambie mwenzako aushike mkono wa servo usisogee, kisha utikise tena. Kama kibao bado kinacheza, tatizo liko kwenye waya: tundu la mkono limepanuka, au waya ni mwembamba na unajikunja. Kama kimetulia, ni gia. Sasa peleka servo mwisho wa safari yake upime pale. Ikiwa inacheza katikati na kubana mwishoni, meno ya katikati yamechakaa.

Na hapa ndipo ufungaji unapofanya kazi ambayo fedha haifanyi. Tuseme gia zina mchezo wa digrii 1. Ukifunga waya milimita 10 kutoka katikati ya mkono wa servo, na milimita 20 kwenye pembe ya kibao (kile kishikio cha waya juu ya kibao), kibao kinacheza takribani nusu digrii. Ukigeuza, 20 kwenye servo na 10 kwenye pembe, kinacheza digrii 2. Servo ni ile ile, gia ni zile zile, tofauti ni mara nne. Nguvu nayo inafuata: lebo ya SG90 inasema kilo-sentimita 1.8, yaani inavuta kilo 1.8 waya ukiwa sentimita 1 kutoka katikati, na gramu 900 tu ukiwa sentimita 2. Wengi hufunga waya tundu la nje la mkono wa servo, wanaona kibao kinakwenda kupita kiasi, kisha wanapunguza safari kwenye rimoti hadi asilimia 50. Wamepoteza nguvu, wamepoteza usahihi, na kila mchezo wa gia umekuzwa. Funga tundu la ndani, acha rimoti kwenye asilimia 100, na gia ya nailoni uliyokuwa uitupe inaweza kukutumikia msimu mzima.

Chanzo cha pili kwetu ni vumbi. Moramu laini inaingia palipo mkono, inachanganyika na grisi na kusaga meno taratibu. Toa gia moja moja, zipange kwenye karatasi kwa utaratibu uliozitoa, zisafishe kwa mswaki wa zamani na spiriti ya dawa, ziache zikauke, paka grisi nyeupe ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya gari haifai, na mafuta ya kupuliza usiyakaribishe kabisa: yanashuka mpaka kwenye potenshiometa, yaani kile kipimo kinachoiambia servo iko wapi, na servo inaanza kutetemeka bila sababu.

Kwa kweli servo inayotetemeka au kurukaruka katikati bila kuguswa, meno yakiwa mazima, karibu kila mara ni potenshiometa iliyochakaa au umeme mbovu. Gia mpya haziitibu.

Dalili: bawa linatetema ndege ikishuka kwa kasi

Utaisikia kabla hujaiona, mlio wa kukoroma unaotoka kwenye bawa au mkia. Punguza gesi mara moja, inua pua taratibu, tua. Usirudie kujaribu ili uhakikishe. Mtetemo huo unaweza kung'oa eleroni ndani ya sekunde chache, na hata ukiisha salama umekwisha kuzipiga gia kama nyundo, kwa hiyo fungua servo husika hata kama inafanya kazi.

Chanzo ni mchezo ulioungana: gia kidogo, tundu kidogo, bawaba iliyolegea, waya unaojikunja. Chuma hakijibu swali hili chenyewe. Gia ya shaba iliyochakaa inacheza zaidi ya nailoni mpya, na MG996R zinazouzwa kwa roboti, gramu 55 kila moja, zina nguvu nyingi lakini mara nyingi zinarudi katikati kwa kubahatisha. Nguvu hiyo haina faida kwenye eleroni ya ndege inayotaka utulivu.

Dalili: servo inanguruma chini na kupata moto

Chomoa waya kutoka kwenye mkono. Ikinyamaza, servo haina kosa, inasukuma kitu kilichokwama: bawaba ngumu, waya uliopinda ndani ya mrija, kibao kinachogonga mwisho kabla servo haijafika, au servo mbili zilizounganishwa na kibao kimoja zinazovutana. Servo za kidijitali hunguruma kidogo hata zikiwa nzima, lakini moto haukubaliki.

Hii ndiyo hali ambayo gia za chuma ni mbaya zaidi. Nailoni ingelainika na kuachia. Chuma kinang'ang'ania, mota inaendelea kula umeme, na kinachoungua ni mota au bodi, pengine na risiva, inayopokea amri za rimoti, ikazimika pamoja nayo.

Dalili: umeweka za chuma, sasa servo zote zinazima na kuwaka hewani

Servo kubwa za chuma kwa kawaida huja na mota kubwa, na mota kubwa inataka ampea. MG996R moja ikikwama kwenye volti 6 inaweza kuvuta ampea 2 na nusu. Sasa weka nne kwenye BEC (kifaa kinachozipa servo na risiva umeme) ndogo ya ampea 2 iliyojengwa ndani ya ESC, kidhibiti cha kasi ya mota ya ndege. Zikisukuma pamoja, volti inaanguka, risiva inazimika na kuwaka upya, na kwa muda huo ndege haina mtu. Hali ni mbaya zaidi ikiwa BEC ni ya aina ya kizamani inayopunguza volti kwa kuigeuza joto: kutoka betri ya lipo ya volti 11.1 hadi volti 5, kila ampea moja inaacha zaidi ya wati 6 za joto ndani ya ESC, juani.

Tiba ni BEC ya pembeni yenye ampea za kutosha, au kurudi kwenye servo zinazolingana na ndege. Usinunue servo kwa kutazama gia peke yake. Soma volti, ampea na uzito kwanza.

Dalili: ni servo ya gurudumu la mbele tu inayokufa

Hii iko wazi. Uwanja wa nyasi zilizokatwa vibaya au wa moramu unapiga gurudumu kila ndege inapotua, na waya mgumu unapeleka kila pigo moja kwa moja kwenye gia. Tena Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo ndege ile ile inatua kwa kasi zaidi kuliko ingetua Mombasa. Hapa nakubali chuma bila ubishi, pamoja na kiungo cha springi kati ya servo na gurudumu. Na kama servo moja inaendesha gurudumu na usukani wa mkia pamoja, zitenganishe. Usukani usife kwa sababu ya jiwe.

Kwenye ndege za injini ya petroli, za cc 20 au 30, chuma hakihitaji mjadala kwa ajili ya mzigo, lakini chagua stili au titani. Injini inatetemesha kila kitu, na shaba itaanza kucheza ukiwa bado unaifurahia. Karbonite nayo inavumilia mtetemo vizuri kwenye vibao vidogo. Weka mipira ya masikio ya servo jinsi ilivyokuja kwenye pakiti, wala usikaze skrubu mpaka mpira ujikamue.

Kurudisha gia

Badilisha seti nzima, ya modeli ile ile. Gia moja mpya ya stili ikikutana na za zamani zilizochakaa, inazimaliza. Mafundi wa Katwe wana mikono ya ajabu na watakuchongea pembe au bano la servo bila shida, ila meno madogo kiasi hiki usiwasumbue nayo. Agiza seti, au tumia servo iliyokufa mota kama akiba ya gia.

Gia ya mwisho inashika potenshiometa kwa upande wake wa chini, na ina kizuizi kinachoisimamisha mwisho wa safari. Ukiiweka vibaya, servo itajaribu kupita kizuizi na kula meno mapya dakika ya kwanza. Kwa hiyo usifunge skrubu zote kabla ya kuiwasha na kuona inafika pande zote mbili bila kunguruma. Kisha mkono, skrubu ya katikati, waya tundu la ndani, na jaribio la ardhini: mtu mmoja ashike ndege imara, mwingine aongeze gesi taratibu huku akitazama vibao kama vinatetema.

Mruko wa kwanza baada ya ukarabati ufanye pahali penye nafasi, mbali na Entebbe na Kajjansi ambako ndege zenye watu hushuka chini. Dakika chache zinatosha. Ukitua, kabla hujachomoa betri, shika tena kila kibao kwa vidole viwili. Kama kimojawapo kimeshaanza kucheza baada ya mruko mmoja, servo hiyo inarudi mezani siku hiyo hiyo.